Muulize Bi Fundi: Kadi ya harusi yenye mkia

Mwezi huu barua zimenizidi. Nyingi zimekuja kwa meseji, mbili zimeletwa kwa mkono hapa kwenye meza yangu ya kutengeneza simu, Ngamiani, Tanga, na moja imeandikwa nyuma ya risiti ya duka la nyavu. Maswali ya vioo na betri nimeyaweka pembeni mpaka toleo lijalo, mniwie radhi. Haya yaliyobaki yote yanahusu simu iliyoingiliwa.

*Bi Fundi, shikamoo. Ijumaa nilitumiwa kadi ya harusi kwenye WhatsApp na binamu yangu wa Korogwe. Nikabonyeza, ikaniambia niruhusu, nikaruhusu, kadi haikufunguka. Jumamosi asubuhi wifi yangu ananipigia, mbona nimemuomba laki na nusu usiku wa manane? Watu wanne wameshatuma. Mimi sijamuomba mtu hata mia. Nimeaibika mji mzima.*
— Mama Wawili, Makorora

Marahaba mwanangu, na pole sana. Uliponiletea simu Jumatatu nilikuomba nieleze humu nilichokiona, ukakubali, basi naeleza.

Nilifungua orodha ya programu nikakuta Mipangilio ipo mara mbili. Zote zina kile kigurudumu chenye meno, zote za kijivu. Ukipitisha macho haraka huzitofautishi. Nikaibonyeza ya kwanza, ikafunguka kama kawaida: mtandao, sauti, betri. Nikaibonyeza ya pili, skrini ikameta kidogo ikarudi ilikotoka. Hiyo ndiyo kadi yako ya harusi. Nikaikandamiza kwa kidole mpaka ikaleta maelezo yake, nikatazama imepewa ruhusa gani. Kusoma meseji. Kupokea meseji. Kuona simu zinazoingia. Sasa kadi inataka kusoma meseji zako za nini? Hata kamati ya harusi yenyewe haijafika huko.

Faili lenyewe bado lilikuwepo kwenye vilivyopakuliwa. Jina refu, la bwana harusi na bibi harusi, tarehe na ukumbi, na mkiani kabisa herufi tatu: apk. Hapo ndipo pa kutazama. Kadi ya kweli ni picha, mkia wake utakuwa jpg, au ni waraka wenye mkia wa pdf. Apk ni programu nzima. Ni sawa na mtu aje mlangoni kushika mkono wa pole, kumbe ana begi la nguo na godoro, anahamia.

Kilichofuata ni hivi. Mwizi huko aliko alifungua WhatsApp kwenye simu yake, akaandika namba yako. WhatsApp ikakutumia tarakimu sita kwa meseji, ili ihakikishe kwamba ni wewe. Ile programu ikaisoma meseji ikamrushia. Dakika hiyohiyo akawa wewe, na wewe ukawa umelala. Binamu yako wa Korogwe hakukutumia kitu, naye aliliwa kabla yako, na aliyemlia alikuja kwa sura ya mtu wake. Wizi huu unatembea kiukoo.

Mbinu yenyewe haikuzaliwa Makorora. Januari 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky iliandika kuhusu programu waliyoipa jina Tria, iliyosambazwa Malaysia na Brunei kwa mialiko ya harusi. Inajifanya Mipangilio, inasoma meseji, inateka akaunti za WhatsApp na Telegram, kisha inaomba pesa kwa jamaa wa mwenye simu. Nilipoisoma habari ile nilijisemea hawa watu wanajua kuchagua. Kule kama huku, harusi ni ya mtaa mzima. Kadi huifungui kwa kupenda, unaifungua kwa kuwa ukichelewa utaambiwa unaringa, au unakwepa mchango.

Tulianza kwa kuzima data, kabla ya kitu chochote, ili ile programu isiwe na njia ya kutoa habari nje. Tukaiondoa. Ndipo tukawasha data na kuingia upya WhatsApp kwa namba yako. Ukiingia wewe, yeye anatoka. Una bahati kwamba hakuwahi kuweka namba yake ya siri kwenye uthibitishaji wa hatua mbili, maana angeiweka ungesubiri siku saba mlangoni mwa nyumba yako mwenyewe. Ya kwako tumeiweka palepale, na wengine mliobaki iwekeni leo: Mipangilio ya WhatsApp, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Kisha tukapiga 100 kwa mtandao wako, ukabadilisha namba ya siri ya pesa kwa tahadhari. Pesa zako mwenyewe hazikuguswa kwa kuwa namba ya siri ya pesa haiji kwa meseji, iko kichwani mwako. Zilizoliwa ni za wale wanne waliotuma.

Kwa hizo siwezi kukupamba. Mtandao ukipigiwa mapema huweza kuzuia kabla hazijatolewa. Hizi zilikuwa zimeshatolewa saa kumi alfajiri. Ile namba iliyozipokea mmeshaituma kwenda 15040, ile ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kuripoti matapeli, na mmefanya vizuri. Lililobaki ni aibu, na aibu ndiyo inayompa mwizi muda. Andika kwenye magrupu yote, ya kikoba, ya madrasa, ya ukoo: "Si mimi." Maneno mawili yanatosha, usijieleze.

*Bi Fundi, salaam. Mimi mvuvi, napatikana Deep Sea. Nilinunua simu ya tachi mpya kwenye boksi, bei chee. Jioni naweka vocha ya elfu moja, alfajiri nikitoka baharini salio hakuna. Matangazo yanatokea hata simu sijaishika. Kijana mmoja ameiriseti mara tatu, baada ya siku mbili yanarudi. Mwenzangu anasema simu ina jini.*
— Mzee wa Ngalawa

Alaikum salaam, baba. Jini angekuwa nafuu, Tanga hii tunajua pa kumpeleka.

Simu uliyoniachia niliilaza mezani usiku mzima, nimeunganisha intaneti ya nyumbani, sijafungua kitu. Asubuhi nikatazama hesabu ya data. Programu moja isiyo na jina wala picha, nafasi tupu tu, ilikuwa imetumia MB 300 na kitu. Nikaiondoa. Baada ya kama robo saa ikarudi. Nikairiseti mimi mwenyewe, nikaiacha bila mtandao: kimya. Nikaiunganisha: ikarudi.

Kijana wako hakukosea mkono. Simu ni kama nyumba ya kupanga. Kuna chumba chako, mna picha, namba na programu zako, na kuna upande wa mwenye nyumba, yaani mfumo uliowekwa kiwandani. Kuriseti kunafagia chumba chako tu. Mgeni akiwa amelala upande wa mwenye nyumba utafagia mpaka mkono uchoke, naye anakusikiliza.

Mambo haya yana historia. Mwaka 2016 Kaspersky waliandika kuhusu kirusi kiitwacho Triada, chenye kujikita ndani kabisa ya mfumo wa Android. Mwaka 2019 Google wenyewe wakathibitisha kwamba kilikutwa kwenye simu nyingine kabla hazijatoka dukani, kimeingizwa na watu wa kati wanaotengeneza vipande vya programu kwa niaba ya viwanda. Kisha Agosti 2020 kampuni ya Upstream ikatoa habari ya Triada na mwenzake xHelper kwenye simu za Tecno W2: miamala ya kutilia shaka milioni 19.2, kutoka simu zaidi ya 200,000, nyingi Misri, Ethiopia, Afrika Kusini, Kameruni na Ghana. Simu zilikuwa zikijiunga zenyewe na huduma za kulipia, na mwenye simu anadhani mtandao unamuibia. Mwenye chapa alisema lilitokea kwa mmoja wa watu katika mnyororo wa ugavi, na kwamba marekebisho yalitolewa. Simu yako si ya chapa hiyo, baba, kwa hiyo usiende kumgombeza mwenye duka kwa jina la watu wengine.

Dawa yake ni kuflashi, kuvunja na kujenga upya upande wa mwenye nyumba kwa mfumo safi wa modeli hiyohiyo. Yako nimeiflashi na ina siku tisa haijaomba kitu. Lakini piga pia 100, uulize umeunganishwa na huduma zipi za kulipia, wakutoe zote. Kirusi kimeondoka, mikataba aliyosaini kwa jina lako bado ipo.

Na kuhusu kununua nyingine: najua mtaambiwa piga *#06#, chukua ile namba ya IMEI, itume kwenda 15090 mjue kama simu ni halali. Fanyeni, ni bure na inasaidia. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa nchi nzima, hapa Barabara ya Kumi na Mbili watu walilia na simu mikononi. Ila IMEI ni kama namba ya gari. Inakwambia gari ni gani, haikwambii nani kajificha kwenye buti.

*Bi Fundi, bila salamu. Kila toleo unatuimbia tusiweke programu za nje. Mwaka 2021 si wewe uliyeniwekea WhatsApp ya rangi kwa shilingi 2,000? Au yako ilikuwa ya ndani?*
— Uliyenisahau, Chuda

Ni mimi.

Na hukuwa peke yako. Nilikuwa na kadi ya memori ya GB 16, ndani yake folda nimeiandika MAAPU. Nilirushiwa na fundi mwenzangu wa Kariakoo, naye alirushiwa na mwingine, na huyo mwingine sikuuliza. Humo mlikuwa na hizo WhatsApp za rangi, yaani zilizochezewa na watu wa nje, GBWhatsApp, FM na Yo, pia michezo, na vile vya kupakulia video. Mteja akija, natoa kadi, natia kwenye simu yake, simu inauliza kama aruhusu chanzo kisichojulikana, naruhusu mimi. Wala simuonyeshi. Wengi walitaka mambo matatu tu: kuona status bila kuonekana, kuficha tiki za bluu, na kusoma meseji ambayo mtu ameituma akaifuta. Ndoa za mji huu nazijua kwa ile kadi kuliko shehe anayezifungisha.

Nilijiona nasaidia. Mtu ana bando la siku moja, la MB chache. Kupakua programu ni kulimaliza lote, na kuisasisha ni kulimaliza mara ya pili. Mimi namrushia kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, bila kutumia hata MB moja. Hiyo elfu mbili nikaiita malipo ya ujuzi.

Agosti 2021 Kaspersky wakatangaza kwamba FMWhatsApp toleo la 16.80.0 limebeba Triada, yuleyule niliyemtajia mzee wa ngalawa hapo juu, amepitia kwenye kipande cha matangazo. Nikaenda kwenye folda langu. Lilikuwepo, na namba ni hiyohiyo, nukta kwa nukta. Nilifunga meza saa nane mchana nikarudi nyumbani. Mwaka uliofuata, Oktoba, wakasema YoWhatsApp nayo inachukua funguo za akaunti za watu, yaani kile kinachomwezesha mtu kuitumia akaunti yako kama yeye ndiye wewe. Hiyo nayo niliwahi kuitoa.

Mimi huandika kazi zangu kwenye daftari, tarehe, jina la utani la mteja, namba, na tatizo la simu. Nikalipitia mstari kwa mstari, nikapata watu 41 walioandikwa "watsap". Nikaanza kuwapigia. Wa kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Matapeli nyie hamchoki," akakata. Wa pili akaniuliza nataka namba yake ya siri kwa sauti gani. Nikafurahi na kuumia kwa pamoja. Niliowapata wakanielewa hawakufika 20, na katika hao, saba walikataa kuitoa kwa sababu bila hiyo hawataona meseji zilizofutwa. Wewe wa Chuda huenda namba yako ilibadilika, au ulikuwa mmoja wa walionikatia.

Njoo, sikutozi. Ukiwa na uvivu wa kuja, toa hiyo ya rangi, weka ya kawaida kutoka Play Store, ingia kwa namba yako, kisha fungua Vifaa Vilivyounganishwa. Ukiona kifaa usichokijua kitoe. Halafu nenda Mipangilio ya simu, tafuta programu zenye ruhusa ya kuweka programu nyingine, uizime kote. Niliiwasha mimi, na kwa jinsi ninavyokumbuka kazi yangu ya siku hizo, sikuizima.

Ile kadi ya memori ninayo bado. Ina taarabu.

*Bi Fundi, wanasema ukichaji stendi ya Kange wanakuibia data kupitia waya. Kweli?*
— Dereva wa bajaji

Mwanangu, chaji. Kitaalamu inawezekana, lakini miaka yote sijaletewa hata simu moja iliyoharibika kwa njia hiyo. Ikikuuliza kama uruhusu kuhamisha mafaili, kataa. Simu zinazoibwa Kange zinaibwa zikiwa kwenye chaji, zenyewe nzimanzima, na hilo ndilo la kuangalia.

*Bi Fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu, Muheza. Nilikopa 60,000 kwenye programu ya simu, wakanipa 42,000, nirudishe 60,000 kwa siku saba. Nimechelewa siku mbili. Wametuma meseji kwa watu wote walio kwenye simu yangu, hadi baba mkwe, kwamba mimi tapeli na wao ni wadhamini wangu. Nimeifuta programu lakini wanaendelea. Je, ina virusi?*

Mwalimu wangu, salama. Virusi haina. Iliomba kuona majina yaliyo kwenye simu yako, ukaruhusu, ikayanakili yote siku ya kwanza, kabla hujapata hata hiyo 42,000. Kuifuta sasa hakuyarudishi, ni sawa na kumfungia mlango mtu aliyeshatoka na orodha mfukoni. Ndiyo maana nasema dhamana uliyoweka ilikuwa ni hao watu, na baba mkwe akiwemo.

Huku mtaani mikopo hii tunaiita kausha damu, ila ile ya mama wa kikoba angalau unamjua nyumbani kwake. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila kibali chake. Tafuta orodha hiyo, uone kama aliyekukopesha yumo. Awemo asiwemo, kutangaza deni lako kwa watu ni kosa lake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake ya kupokea malalamiko. Usifute meseji zozote. Piga picha za skrini, waombe na waliotumiwa wakupe za kwao, tarehe zionekane.

Nakukataza jambo moja: usikope programu nyingine ulipe hii. Nimeona mwanamke aliyekuwa na kumi na moja. Na kwa baba mkwe usipige simu. Nenda, na kilo mbili za sukari, ukae chini umueleze.

*Nikirudi kwenye kitochi nitakuwa salama?*
— Nimechoka, Raskazone

Utakuwa salama zaidi, si salama kabisa. Mwaka 2021 mtafiti mmoja wa Urusi alinunua vitochi vitano vipya akavisikiliza vinatoa nini nje. Vinne vilikuwa na siri, vingine vinatuma meseji za kulipia kimyakimya. Na ile meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii" inaingia kwenye kitochi vizuri tu. Ukiwa huko, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kuna watu hushtuka.

*Bi Fundi, shikamoo. Nataka kukuletea simu ubadilishe kioo. Nikupe namba ya kuifungulia au nisikupe? Mume wangu anasema nisikupe.*
— Bi Harusi wa juzi, Mabawa

Marahaba, mwanangu. Mume wako ana akili, mshike.

Kioo nakijaribu kwenye ukurasa wa simu za dharura. Naandika tarakimu zote, naburuta kidole pembe hadi pembe, nimejua kama kinashika. Kamera inafunguka hata simu ikiwa imefungwa. Fundi anayekwambia bila namba hawezi kubadilisha kioo, mwambie Bi Fundi anaweza. Laini itoe uondoke nayo, na kadi ya memori pia. Ukiona ni bora zaidi, kaa. Benchi lipo, refu, lina kivuli mpaka saa saba, na kijana wa juisi ya mabungo hupita kwenye saa tano. Tangu ile habari ya daftari wateja wangu wengi siku hizi wanakaa, wananitazama mikono. Mwanzoni ilinichoma. Sasa mteja akiinuka kwenda kununua maandazi, mimi naweka bisibisi chini nikamsubiri arudi.

Kioo chako ni dakika 40. Njoo Jumanne, Jumatatu nina simu za watu wa mnadani.